Nilimpa Chumba, Nikamdai Simulizi

Kosa ni langu jamani, sina wa kumsingizia. Tena nililifanya nikiwa natenda wema, na hapo ndipo panaponichoma!

Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini ulizeni pale Mwanga, nyumba ya kwanza ya bati mtaani kwetu ilikuwa ya nani? Yangu! Nilianza na beseni la dagaa kichwani hadi nikanunua pikapu.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi wakimiminika, nilimkuta Dativa ufukweni mwa ziwa, kalowa, mtoto mgongoni. Mwingine alikuwa amemzika njiani, kachimba kwa mikono. Nikampa chumba, chakula, vitenge viwili. Sikumdai hata senti.

Kumbe nilikuwa namdai kitu kingine.

Kila nikipata wageni, tukishakula samaki wetu wa migebuka, naita: "Dativa! Njoo uwaeleze nilivyokuokota." Anakuja, anasimulia mpaka pale pa kaburi. Wageni wanatikisa vichwa: "Mzee, wewe una moyo!" Aisee, nilikuwa navimba!

Siku moja akapiga magoti, birika la kunawisha wageni mkononi. "Baba, leo naomba uniache. Nikiyasema, usiku silali."

Nikamjibu mbele za watu: "Kula huchoki, kusimulia ndiyo unachoka?"

Wageni wakacheka. Akasimulia. Wala hakulia.

Asubuhi chumba kitupu, vitenge vimekunjwa juu ya kitanda. Alishika njia ya Kasulu kwa miguu na mtoto wake, kwenda kambini kupanga foleni ya maharage. Nikafoka: "Hana shukrani huyu!"

Mke wangu akasema, "Ulimvika nguo, ukamvua mbele za watu." Nikamwambia anyamaze.

Sikukoma! Nikapakia gunia la unga, nikachukua na rafiki zangu wawili waje washuhudie ninavyosamehe. Mnauona ujinga wangu?

Tulimkuta nje ya hema anachochea moto. Akawatazama wale wawili, akainuka, akapangusa mikono.

"Shikamoo, Baba. Naona wageni umewaleta. Nisimulie nimesimama, au leo nitakaa?"

Mimi, ninayejulikana soko zima kwa mdomo, nikashusha gunia, tukaondoka. Tumepita Kidahwe, tumepita Mwandiga, hadi nyumbani.

Sikumwona tena. Mpaka leo mgeni akinawishwa kwangu, samaki nawaacha sahanini.

Ndugu zangu, mkimpa mtu, mpeni kisha mgeuke mwende zenu. Ukijikuta unangoja akusifu mbele za watu, jua hujampa, umemnunua! Nami najiuliza kama niliwahi kutenda jema lolote pasipo na mtu wa kuniona. Hili la kuwaandikia ndilo la kwanza ninalofanya bila kuweka jina langu, na nawaambia ukweli, mkono unaniwasha kuliweka.