Bi Futa na Maneno Yanayokwama

Kabla watu hawajamwita Bi Futa, alikuwa karani katika kampuni ya bima, na kila kulipokuwa na mkutano kazi iliyomwangukia ilikuwa moja: kukaa nyuma ya ukumbi kando ya projekta, kidole juu ya kitufe, akisubiri bosi aseme "inayofuata." Kutoka pale hakuona sura ya mtu. Aliona visogo. Na visogo, ukivitazama kwa miaka, havifichi kitu. Slaidi ikija na maneno machache na picha ya maana, vinanyooka. Ikija imeshindiliwa maandishi kama gunia la mkaa, shingo zinalegea moja baada ya nyingine. Huyu anajikuna sikio, yule anainamia simu chini ya meza, na mzee wa pembeni anatikisa kichwa kana kwamba anakubaliana na msemaji, kumbe usingizi umeshambeba.

Jambo hilo lilimchoma. Watu wazima wameacha biashara zao, wamevaa nguo za kutokea, wamefika kwa wakati, halafu mtu anawageuzia mgongo na kuwasomea ukutani maneno ambayo wameshayasoma wenyewe! Hiyo si kazi. Ni dharau iliyopigwa pasi.

Basi akaacha kazi ya bima, akaomba chumba cha juu katika nyumba ambayo kaka yake, fundi cherehani, alikuwa na duka lake chini. Akapaka ukuta mmoja rangi nyeupe, akanunua projekta iliyotumika na viti viwili. Makampuni yakaanza kumletea mawasilisho yao ayatengeneze. Mteja akifungua slaidi ya kwanza tu, anasikia neno moja: "Futa." Ya pili: "Futa nusu." Jina likamganda, naye hakulikataa.

Jaji wake alikuwa kaka yake. Slaidi ikiwa tayari, anapiga kelele ngazini: "Kaka! Njoo mara moja!" Fundi anapanda, futi ya kupimia nguo shingoni, midomo imebana pini. Bi Futa anamwonyesha slaidi kwa muda wa pumzi moja, kisha anaziba mwanga kwa kiganja.

"Umeona nini?"

Fundi akijibu sawasawa, slaidi imepona. Akisema, "Kwani kulikuwa na nini?" basi imekwenda na maji.

Siku moja akaja mkuu wa ghala wa kampuni inayosambaza vipuri vya pampu za maji. Alikuwa mtu mnene mpole, shati limenyooshwa vizuri, na salamu yake ilikuwa fupi mno: aliinamisha kichwa, akatabasamu, akatoa kompyuta yake. Habari yenyewe alikuwa ameshaituma kwa ujumbe wa simu. Wenye maduka walikuwa wakilalamika kwamba mizigo inachelewa. Yeye alikuwa amebuni mpango wa kuimaliza shida hiyo, na wenye maduka wangekutana wiki ile kuusikiliza. Mkurugenzi alikuwa amemwambia wazi: ukishindwa kuueleza, atapewa meneja wa mauzo aueleze. Na meneja wa mauzo, aliandika mkuu wa ghala, hajui hata mlango wa ghala unafungukia upande gani.

Slaidi zilikuwa zaidi ya arobaini. Kila moja imejaa kutoka pembe hadi pembe, sentensi nzimanzima, zenye nukta na mkato.

"Futa," Bi Futa akaanza. "Futa. Hii futa yote. Hii bakiza mstari wa mwisho." Alikuwa amepamba moto. Hakuona kwamba mgeni wake alikuwa akifuta jasho kwa leso, wala kwamba kila slaidi ilipotoweka alishusha mabega kidogo. Zilipobaki sita, Bi Futa akageuka akicheka. "Ndugu yangu, maandishi yote haya ya nini? Unaogopa watu wasisikie sauti yako?"

Mkuu wa ghala akamtazama.

"Ndiyo," akasema.

Bi Futa akadhani ni utani. "Haya, simama pale. Nieleze mpango wako kama unavyomweleza mkeo."

Akasimama. Akafungua mdomo. "Mi-mi-mi..." Akafumba macho, na lile neno "mizigo" likakataa katakata kutoka. Akaliacha, akajaribu jingine. "Ku-ku-ku..." Nalo likakwama palepale.

Huko chini cherehani ilikuwa ikikimbia. Bi Futa alihisi uso ukimwaka. Amekaa nyuma ya kumbi miaka yote akijidai anawaelewa watu, na huyu aliye mbele yake hakumwona. Kumbe yale maandishi hayakuwa uvivu wala dharau. Mtu alikuwa amejijengea ukuta ajifiche nyuma yake.

"Nisamehe, kaka," akasema.

Mgeni akapunga mkono, kama mtu aliyezoea kusamehe.

Wakati huo huo fundi akatokea mlangoni bila kuitwa, mdomo umejaa pini, suruali ya mteja mkononi. Akamwonyesha dada yake kiuno cha suruali, akanyoosha vidole viwili, akaelekeza ngazini, akajishika tumbo na kupuliza mashavu. Bi Futa akajibu, "Mwambie hata ukiongeza inchi mbili haitamtosha, apunguze kula." Fundi akacheka kwa puani, akashuka.

Mkuu wa ghala naye akacheka, mpaka akatoa sauti. Bi Futa akabaki anautazama mlango. Kaka yake hakuwa ametamka hata herufi, na ujumbe wote ulikuwa umefika, pamoja na tumbo la mteja.

"Hebu kaa," akasema polepole. "Niambie maneno gani yanakukwama. Yale korofi kabisa."

Akamwandikia: mizigo, kuchelewa, pampu, na jina la kila njia inayotoka ghalani.

"Hayo ndiyo tutakayoyaweka ukutani. Hayo tu. Yanayokukwama, ukuta uyaseme, wewe unyooshe mkono. Yanayokutoka, utayasema mwenyewe."

"Na ya-yakikwama ambayo hayapo?"

"Hapo sijui," akasema Bi Futa, na hakumdanganya.

Wakafanya kazi mpaka fundi alipoanza kufunga duka. Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya rafu tupu ya duka, chini yake neno moja: KUCHELEWA. Ya mwisho ilikuwa ramani: ghala katikati, njia tatu za rangi tatu, kila duka nukta yake, na kila njia siku yake. Mpango wenyewe ndio huo. Zamani lori lilisubiri lijae ndipo liondoke. Sasa lingeondoka siku yake, lijae lisijae.

"Umeona nini?" Bi Futa akamuuliza kaka yake akiwa ameziba mwanga.

Fundi akatoa pini mdomoni, kwa heshima ya mgeni. "Lori halingoji mtu. Wa njia ya kijani, Jumanne. Na mimi naomba chai."

Siku ya mkutano Bi Futa alikaa mahali pake pa kale, nyuma, kidole juu ya kitufe. Ukumbi ulijaa wenye maduka, wengine wamekunja mikono kabisa. Mkurugenzi alikaa mbele, na pembeni yake meneja wa mauzo, tai imekaa sawa, tayari kuokoa jahazi.

Rafu tupu ikatokea. Mkuu wa ghala akainyooshea mkono.

"Hili nyinyi mnalijua kuliko mimi," akasema.

"Kuchelewa!" ukumbi ukajibu. Mzee mmoja akaongeza, "Na wewe ndiye unayetuchelewesha!"

Kicheko kikapasuka, na mkuu wa ghala akacheka nao huku akijigonga kifua kukiri kosa. Visogo vikaanza kunyooka. Ramani ilipotokea, havikunyooka tu, viligeuka huku na huku: kila mtu alikuwa akitafuta nukta yake na kumnong'oneza jirani siku yake. Bi Futa akaachia pumzi.

Ndipo mama mmoja mwenye duka akasimama. "Baba, nimeelewa. Lakini lori likiharibika njiani?"

Hapakuwa na slaidi ya hilo.

"Tu-tu-tu..." Meneja wa mauzo akainua makalio kwenye kiti. Kidole cha Bi Futa kilikuwa juu ya kitufe na hakuwa na slaidi ya kuleta. Akafanya alichozoea: akatazama visogo. Hakuna kilicholegea. Hakuna aliyeinamia simu. Walitaka jibu, na aliyekuwa nalo ni huyu, basi wakamngoja kama mtu anavyongoja chungu kichemke, bila hasira.

"Tu-tutakodi jingine siku hiyohiyo. Ni-nimeshaongea na wenye malori."

"Hilo ndilo nililotaka," mama akasema, akakaa.

Meneja wa mauzo naye akakaa. Walipoulizwa kama mpango uanze, mikono ilipanda hata ile iliyokuwa imekunjwa, na mkurugenzi akasema mbele ya wote kwamba habari za ghala ataendelea kuzieleza mkuu wa ghala mwenyewe.

Saa ya chai ilipofika, watu hawakwenda kwenye chai. Walijazana mbele ya ramani, vivuli vya vidole vyao vikitembea juu ya zile njia tatu, wakibishana Jumanne na Alhamisi ipi bora. Katikati yao mkuu wa ghala alikuwa akijibu, akikwama na kukwamuka, na hakuna aliyejali.

Mhudumu wa ukumbi akamsogelea Bi Futa, mkono ukielekea kwenye swichi ya projekta.

"Dada, nizime?"

"Acha," akasema Bi Futa. "Acha kwanza."