Wimbo wa Kugeuza Omena

Nyinyi vijana mtakaosoma haya kwenye simu, kwanza punguzeni sauti ya muziki mnaosikiliza. Nataka kusema nanyi juu ya muziki huohuo, na sipendi kushindana nao. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Haya nimeyaandika kwa mkono katika daftari la mistari, mjukuu wangu akayachapa. Nilimwambia asipambe, na alipopamba nilimfutisha. Kwa hiyo mkikuta neno gumu, ni lake, lilinipita.

Mimi naanika omena, dagaa wa ziwa letu, hapa Muhuru Bay tangu niolewe. Mke mwenzangu, binti wa kisiwa cha Takawiri, aliletwa miaka minne baada yangu, na mwaka mzima sikumpa hata chumvi. Halafu siku moja nikiwa kliniki na mtoto, mvua ikaja. Nilikimbia kutoka barabarani nikijua nimekwisha, nikakuta omena zangu zote zimeokotwa na kufunikwa. Zake yeye zilikuwa zinalowa. Alikuwa ameanza na zangu. Tangu siku hiyo tulishika wavu mmoja.

Kwa asiyejua kazi yetu: omena humwagwa juu ya wavu mkuukuu uliotandazwa chini, zikaushwe na jua. Upande mmoja ukikauka lazima zigeuzwe. Wanawake wawili hushika ncha za wavu, huinama, huurusha juu kidogo kwa pamoja, na omena zote hugeuka. Wakati ule wavu uko juu, funga mdomo. Mchanga unapanda, magamba yanapanda, vumbi la samaki linapanda. Ukiwa unaongea, utakula vyote. Mimi na mke mwenzangu tulikuwa tunaongea sana, lakini hapo kwenye wavu tulikuwa tunanyamaza pamoja, halafu tunaendelea na umbea pale tulipoachia.

Alikufa kabla sijawa na mvi. Hakuacha mtoto. Picha yake moja tuliyokuwa nayo ilibanduka rangi, ikabaki gauni bila uso. Basi nikamtungia wimbo. Sikukaa chini kuutunga, ulikuja kazini, mstari kwa mstari, nikiwa nimeshika wavu na mtu mwingine upande wake. Mistari miwili, kimya wavu ukirushwa, mistari miwili, kimya. Ndani yake niliweka jina lake, kisiwa chao, jinsi alivyocheka akijifunika mdomo kwa leso, na siku ile ya mvua. Kikundi chetu cha waanikaji kiliushika, na kwa miaka mingi umeimbwa pale ufukweni. Kama kuna mahali duniani panaposema yule mwanamke aliishi, ni ndani ya wimbo huo tu.

Mjukuu wangu anayesoma chuo Migori alikuja likizo, akaturekodi tukiwa kazini. Akaweka mtandaoni. Nilidhani kuweka mtandaoni ni kama kuweka kabatini. Baadaye akaniambia, "Dani, watu wengi wameupenda." Dani ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha yetu. Nikamwambia vizuri, niletee kuni.

Mwaka uliofuata nilikwenda Rodi Kopany kumwona binti yangu aliyeolewa huko, nikampelekea na gunia la omena. Sokoni kuna kibanda cha mtu anayeuza nyimbo. Unampa flashi, ile ya kuchomeka kwenye redio, anaijaza. Spika yake ilikuwa nje, na nilipokuwa napita ikaniimbia wimbo wangu. Gitaa tatu, ngoma, sauti ya mwanamume. Nilisimama katikati ya njia mpaka mtu wa mkokoteni akanitukana. Kisha likaja lile fungu la jina. Jina la mke mwenzangu halikuwepo. Pale kwenye kicheko na leso, sasa kulikuwa na mwana wa Rodi, tajiri, muuza mabati, anayeezeka nyumba za wajane.

Nikamwendea mwenye kibanda. "Huo wimbo ni wa nani?"

"Wa mwanamuziki mmoja wa Homa Bay, mama. Unavuma. Nikuwekee? Nakuongezea na mingine mia mbili."

"Ni wangu."

Akanitazama kuanzia viatu. "Nyimbo zote ni zetu, mama. Mtandao hauna mwenyewe."

Nilirudi nyumbani bila kununua nilichotumwa. Na kabla sijamaliza kusimulia, mjukuu wangu akapiga simu kutoka chuoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Dani, wameiondoa video yetu mtandaoni. Wanasema tumeiba wimbo."

"Tumeiba wa nani?"

"Wako."

Yule mwanamuziki alikuwa amejiandikisha kuwa ndiye mwenye wimbo, na ule mtandao ukatuona sisi ndio wezi.

Nyumbani pakawa na mabishano. Mwanangu mkubwa, ambaye ana mashua na maoni juu ya kila kitu, alisema, "Mama, shukuru. Wimbo ukisambaa ndio unaishi. Ungebaki hapa ufukweni ungekufa na nyinyi wanawake."

"Sijakataza usambae," nikamwambia. "Hata Nairobi wauimbe. Lakini usambae na mtu wake ndani. Huyu amemtoa marehemu nyumbani kwake akampangisha muuza mabati."

"Sasa utafanya nini? Mahakama? Hao watataka karatasi. Una karatasi?"

Sikuwa na karatasi. Kikundi chetu hakijawahi kuandika chochote isipokuwa zamu ya kufukuza ndege. Niliwaza siku kadhaa, mikono ikiwa kazini, na ni kazini nilipopata jibu. Tulirusha wavu, nikafunga mdomo, na nikakumbuka ile spika ya Rodi. Yule mwanamuziki alibadilisha jina, alibadilisha maneno, aliongeza gitaa. Lakini kimya changu alikiacha palepale, kila baada ya mistari miwili, kikiwa kimejazwa gitaa kama tundu lililozibwa na matope. Alikibeba bila kujua ni cha nini.

Jumapili nikaenda Homa Bay na wanawake wawili wa kikundi. Tulibeba wavu umekunjwa, na nusu gunia la omena ambazo hazijachekechwa, na mchanga wake wote. Bendi ya yule mwanamuziki hupiga mchana kwenye hoteli moja karibu na ziwa, uwanjani, watu wakila samaki. Mlinzi wa getini akatuzuia.

"Mama, samaki hupitia nyuma, jikoni."

"Hizi haziliwi," nikamwambia. "Hizi ni za bendi."

Alicheka, na mtu akicheka getini umeshapita.

Sasa, sisi Wajaluo tuna desturi inayoitwa pakruok. Muziki ukiwa unapigwa, mtu yeyote anayetaka kujisifu au kumsifu mwenzake anakwenda mbele, anatoa chochote alicho nacho, na bendi inanyamaza mpaka amalize. Awe bwana, awe mchuuzi, atasikilizwa. Mwanamuziki anayemkatalia mtu pakruok amejimaliza mwenyewe. Yule muuza mabati aliingia kwenye wimbo wangu kwa mlango huo. Na mimi niliamua kuingia kwa mlango huohuo.

Nilingoja mpaka wakaupiga. Ulipofika mstari wa nne nikasimama, nikafungua noti niliyokuwa nimeifunga kwenye ncha ya leso, nikaipeleka mbele. Muziki ukakatika. Mwanamuziki, kijana wa miaka arobaini hivi, kofia nyekundu, viatu vyeupe, akaniinamishia kipaza sauti.

"Karibu, mama. Jisifu, watu wakujue."

"Mimi ni mgeuza omena wa Muhuru Bay," nikasema. "Namsifu mke mwenzangu, binti wa Takawiri, ambaye niliutunga wimbo huu kwa ajili yake, na wewe umemtoa ukamweka muuza mabati."

Watu wakaanza kucheka, wengine wakaacha kula. Kutoka meza ya mbele mtu mnene akainua mkono wenye pete. "Muuza mabati yuko hapa," akasema, "na alilipa."

Mwanamuziki hakukasirika. Alikuwa amezoea watu. "Mama yangu, wimbo huo niliuokota mtandaoni, haukuwa na mwenyewe. Nikuulize, nyumbani una redio?"

"Ninayo."

"Ya flashi?"

"Ya flashi."

"Nyimbo zangu zimo?"

Mimi ni mtu wa kanisa, na watu walikuwa wananitazama. "Zimo," nikasema. "Kumi na moja."

Walicheka mpaka meza zikatikisika. Akangoja wamalize, mwenye akili huyo. "Ulimwomba nani ruhusa?"

"Hakuna."

"Basi, mama, mimi na wewe tuko sawa. Keti tukupe soda."

Neno hilo liliniingia, siwafichi. Lilikuwa kweli, na lilikuwa mbele za watu. Lakini sikwenda Homa Bay kunywa soda. "Hilo la redio nitalimaliza nyumbani kwangu," nikamwambia. "Leo tuko kwako. Nijibu moja tu. Kwa nini wimbo wako unanyamaza kila baada ya mistari miwili?"

"Ni mtindo."

"Mtindo wa nini?"

Akatabasamu akageukia bendi. Mpiga gitaa, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anatazama viatu vyake. "Usiniangalie mimi," mzee akasema. "Nimekuuliza hilo tangu siku ya kwanza. Hapo mahali pananisumbua. Najaza tu."

Nikawaita wenzangu. Tulitandaza wavu mbele ya bendi, juu ya sakafu yao iliyopigwa deki, tukamwaga omena. Nikampa mwanamuziki ncha moja. "Shika. Utaimba wimbo wako, na tutageuza omena. Lakini usinyamaze. Imba moja kwa moja."

Angeweza kukataa. Watu wakaanza kumpigia makofi, na mwanaume mwenye viatu vyeupe hapigiwi makofi akakataa. Akashika. Mwenzangu akashika upande wa pili. Akaimba mistari miwili, sauti nzuri kweli, sikatai, na mwenzangu akainama akaurusha wavu. Akaingia mstari wa tatu mdomo ukiwa wazi kama mlango wa kanisa.

Alikohoa mpaka kofia ikaanguka. Alitema, akafuta ulimi kwa mkono wa shati, akakohoa tena. Muuza mabati ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Sasa tazama," nikasema. Nikachukua ncha aliyoiacha. Tukaimba sisi watatu, bila spika, jinsi tunavyoimba siku zote. Mistari miwili. Midomo ikafungwa, wavu ukapanda, omena zikageuka, wavu ukashuka. Mistari miwili. Midomo ikafungwa. Mara ya tatu nikasikia gitaa limeingia chini yetu, taratibu. Ni yule mzee. Na tulipofika kwenye kimya, akaondoa vidole kwenye nyuzi, akapaacha wazi. Hapakuwa na hata kijiko kilicholia katika uwanja ule. Tulisikia omena zikianguka kwenye wavu.

Tulipomaliza, mzee akasema, bila kipaza sauti, "Kumbe ni hapo."

Mwanamuziki aliokota kofia yake lakini hakuivaa. Akaja karibu nami. "Mama, anaitwa nani?"

Nikamwambia jina sikioni. Silitaji hapa, litafuteni ndani ya wimbo. Akarudi mbele, akahesabu, bendi ikaanza, na akamwimba mke mwenzangu kwa jina lake, na kisiwa chao, na leso mdomoni. Mengine aliyakumbuka kutoka kwenye ile video, kwa hiyo alikuwa ameyasikia vizuri tangu mwanzo. Kwenye kimya alinyamaza. Wanawake wa jikoni walitoka na vyano vyao wakapiga vigelegele, na mimi, ambaye sikulia kwenye mazishi kwa kuwa nilikuwa na wageni wa kulisha, nililia hapo, nikiwa nimesimama wima, sikujifunika.

"Na mimi je?" muuza mabati akauliza wimbo ulipokwisha.

"Wewe nitakutungia wako," mwanamuziki akamjibu.

"Wenye kelele, wa mabati," mtu akadakia kutoka nyuma.

Kabla hatujaondoka, mwanamuziki aliniahidi kuurekodi upya na jina la marehemu na kuiachia video yetu, na alitimiza. Siku chache baadaye mjukuu wangu alinipigia, akipiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio. Video yetu ilikuwa imerudi. Bendi ilikuwa imeutoa wimbo upya, na chini yake, kabla ya jina la mwanamuziki, kulikuwa na jina langu, mtunzi, na la kikundi chetu. Muuza mabati hayumo. Nilipopita tena Rodi Kopany, spika ya kile kibanda ilikuwa inaupiga. Nilisimama makusudi mpaka likaja lile fungu la jina, nikasikiliza mke mwenzangu akitajwa katikati ya soko, juu ya kelele za mikokoteni. Mwenye kibanda akanitambua. Akanisogezea kiti, nikaketi.

Lakini zile nyimbo zake kumi na moja zilikuwa bado zimo kwenye redio yangu, na nilikuwa nimesema mbele za watu kwamba hilo la redio nitalimaliza nyumbani. Jioni ya siku hiyohiyo niliwaita wote, mwanangu na mke wake na watoto, na mjukuu wa chuo akisikiliza kwa simu. Nikaamuru flashi zote ziwekwe mezani. Zilikuwa tano. Sikujua tuna tano.

"Nyimbo zote ambazo hatukupewa na wenyewe zifutwe leo, kuanzia zilizo kwenye redio yangu," nikawaambia. "Kesho mmpigie yule wa Homa Bay, mmuulize zake tuzipate kwa njia gani anayoitaka yeye. Na kuanzia sasa, yeyote atakayewasha wimbo katika boma hili atamtaja kwanza aliyeutunga. Asiyejua, azime, avue viatu, aje ashike wavu upande wa pili."