Mfunga Maturubai na Barakoa ya Kulalia

Rabson Sichone amefunga maturubai Tunduma kwa miaka ishirini na sita, na ukitaka kumkasirisha mwambie kwamba ile si kazi ya ufundi. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hufika mpakani yakiwa yamefunikwa. Wakaguzi wakitaka kuona mzigo turubai linafunguliwa, na wakimaliza lazima lifungwe upya, likaze, lisiingize maji wala kupepea barabarani. Hapo ndipo wanapoitwa Rabson na wenzake wanane. Wanapanda juu ya shehena, wanakunja pembe, wanavuta kamba. Rabson ana kanuni moja tu ya kazi: kamba ikilegea, ongeza nguvu. Kanuni hiyo imemlisha, imemsomeshea watoto watatu, na mwaka jana ilikaribia kummaliza pua.

Shida ilianza na usingizi. Rabson ni mtu wa mwili, miaka hamsini na mitatu, shingo fupi, na amekoroma tangu ujana. Nyumbani kwake hakuna aliyeona kuwa huo ni ugonjwa. Mkewe Jenista, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pendo, alikuwa amezoea kumpiga kiwiko pale koromo linapokatika ghafla, maana mwenzake alikuwa anaacha kupumua kabisa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama aliyetoka kuzama. Mchana Rabson alisinzia kanisani, alisinzia akinyolewa, alisinzia na tonge mkononi. Watu walicheka, naye akacheka nao. Siku moja ya Mei akasinzia amesimama juu ya shehena ya mbolea, mita nne kutoka chini, na wenzake wakamdaka mkanda wa suruali.

Kesho yake Lusajo, mwenyekiti wa kikundi, alimweleza bila kuzunguka.

"Shikamoo, mzee. Kuanzia leo hupandi."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Kikundi kimesema. Utakaa chini, utakunja kamba. Nenda kwanza hospitali."

Rabson aliumia, tena sana. Lusajo huyu aliingia kikundini hajui hata kupiga fundo, na aliyemfundisha ni yeye Rabson. Kukunja kamba ni kazi ya mtu aliyeanza juzi. Moyoni alijiambia kwamba vijana wamechoka naye na sasa wamepata sababu. Hilo ndilo lililompeleka Mbeya, si afya. Alitaka karatasi ya daktari ya kuwanyamazisha.

Daktari hakumpa karatasi ya namna hiyo. Alimlaza usiku mmoja akiwa amebandikwa nyaya, na asubuhi akamweleza kwamba koo lake hujifunga akilala, na kwamba katika kila saa alikuwa ameacha kupumua zaidi ya mara arobaini. Dawa yake ni mashine ndogo inayopuliza hewa kwa kupitia bomba la mpira hadi kwenye barakoa ya puani, ili koo libaki wazi. Watoto walichanga, mashine ikapatikana. Barakoa ilikuja na mipira mitatu ya kukalia puani: mdogo, wa kati na mkubwa. Rabson alitazama mwili wake, akachagua mkubwa. Ile miwili iliyobaki aliipeleka nyumbani, na Jenista akaihifadhi kabatini pamoja na vikombe vya wageni, wote wawili wakiamini kwamba ni ya akiba mkubwa utakapochakaa.

Lusajo alipoambiwa habari za mashine alitoa sharti. "Lala nayo mwezi mzima, kila usiku, ndipo upande. Na si wewe utakayetuambia, mzee. Tutamuuliza Mama Pendo."

Sasa ndipo ufundi ulipoingia mahali pasipo pake. Usiku wa kwanza Rabson alivaa barakoa akiwa amekaa kitandani, akawasha mashine, na hewa ikavuja pembeni ya pua ikimpiga machoni. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye alikuwa na kanuni. Alivuta mikanda, ikavuja. Akavuta tena, mpaka ikakaa kimya. Asubuhi alikuwa na mistari mashavuni, na mwanzi wa pua ulikuwa mwekundu. Siku ya nne ngozi ilichubuka. Siku ya saba palikuwa na kidonda wazi, na ndani ya matundu ya pua palikauka hadi akawa anapenga damu, kwa sababu kile kikopo cha maji kilichomo ndani ya mashine hakukijaza hata siku moja. Aliogopa maji yasije yakapanda puani akazama kitandani kwake. Usicheke, hakuna aliyemweleza.

Kila nyumba ya huku kwenye baridi ina kopo la mafuta ya mgando, na Rabson alifanya ambalo kila mtu angefanya: aliyapaka puani kwa wingi, kisha akavaa barakoa juu yake. Barakoa ikateleza. Ikavuja. Akakaza.

Kazini walimuuliza kama amepigana na Mama Pendo. Alicheka, lakini jioni ile aliiweka mashine sakafuni, akageukia ukutani. Alifanya hivyo siku tatu. Ya nne Lusajo alipiga simu kwa Jenista, na Jenista alisema ukweli, mumewe akiwa amekaa hapohapo.

"Ungesema tu nalala nayo," Rabson alimwambia alipokata simu.

"Baba Pendo, nikudanganyie, halafu uanguke, halafu waje kuniita nitambue maiti? Mimi sitaki."

Hesabu ya mwezi ikarudi mwanzo. Kusema kweli, kwa siku zile chache Rabson alikata tamaa kabisa. Aliona maisha yake yote yaliyobaki ni kukunja kamba, na akawa anazikunja vibaya kwa makusudi.

Mtu aliyemtoa hapo ni Watson, dereva wa Kitwe, Zambia, anayepitisha mbolea kila baada ya wiki mbili. Walifahamiana kwa kusalimiana tu. Siku hiyo Watson alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake akisubiri ukaguzi, Rabson akapita na kamba begani.

"Mulishani, mudala," Watson alimsalimia kwa Kibemba, akimwita mzee, kisha akamkazia macho. "Hicho kidonda nakijua. Wewe una mashine ya usingizi."

Rabson alikataa. Watson hakubishana, alifungua pazia la nyuma ya kiti akamwonyesha kitanda chake, na pembeni ya mto mashine ileile, bomba limeviringishwa vizuri. Alikuwa nayo mwaka wa tatu.

"Unavaaje?" Watson aliuliza.

Rabson alimwonyesha kwa mikono jinsi anavyovuta mikanda.

"Mudala, hapo unalala ama unafunga mzigo?" Watson alicheka mpaka akashika usukani. Halafu akamweleza pole pole, kama nesi wa kwao alivyomweleza yeye. Ule mpira unatakiwa uvimbe kwa hewa ndipo ukae wenyewe. Ukiubana unakunjika, na ukikunjika unavuja. Kwa hiyo legeza kila mkanda, lala, washa mashine, inua barakoa kidogo uiache ijikalie, ndipo uvute mikanda kidogo kidogo, kushoto na kulia sawa. Uvujaji ukikoma, acha. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Uso uoshwe kwa sabuni na ukaushwe, mafuta ya mgando yakae mbali maana yanaharibu mpira. Kikopo kijazwe maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Na size gani?"

"Kubwa."

Watson alimtazama usoni kwa muda. "Mwili mkubwa, ndiyo. Pua ya mtoto. Mpira wako unakalia mfupa."

Hakuna aliyewahi kumwambia Rabson kwamba ana pua ndogo, na hakufurahi kuambiwa. Lakini alipofika nyumbani alimwita mkewe na kumuuliza ile mipira iko wapi. Jenista aliitoa kabatini, akaiosha. Wakajaribu mchana kweupe, Rabson amelala kitandani na viatu vyake. Wa kati ulivuja kidogo. Mdogo ulikaa. Jenista akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, kushoto, kisha kulia, akasema, "Basi, hapo hapo. Toa mkono."

Hakutoa. Mazoea ya miaka ishirini na sita hayatoki kwa siku moja. Kila hewa ilipolia hata kidogo mkono wake ulipanda kwenye mkanda, na Jenista akaupiga. Kidonda nacho kilikuwa bado kibichi. Jenista alikata fulana kuukuu ya pamba laini, akashona kipande chembamba cha kukaa kati ya mpira na ngozi, na kila asubuhi akawa anakifua na kukianika. Jioni Rabson alivaa barakoa akisikiliza taarifa ya habari ili aizoee akiwa macho. Wajukuu walimwogopa siku mbili, halafu wakamsahau.

Wiki ya pili ngozi ilifunga. Pua ikaacha kutoa damu. Wiki ya tatu akasikiliza mahubiri mpaka mwisho, akagundua kwamba ni marefu mno. Jenista naye alikuwa hapigi tena kiwiko; alilala mpaka jogoo, na akaanza kunenepa.

Mwezi ulipotimia Lusajo alipiga simu, akaongea na Jenista dakika moja. Asubuhi yake Rabson alifika kazini mapema, amevaa makoti mawili kwa sababu ya upepo. Lori la salfa lilikuwa limemaliza ukaguzi. Alimfuata Lusajo, na maneno aliyoyaandaa kwa mwezi mzima yakamtoka.

"Haya, nimelala. Sasa niambie ukweli. Mlikuwa mnataka kunitoa?"

Lusajo alitazama chini. "Mzee, tangu mwaka juzi hujapanda peke yako hata siku moja. Tulikuwa na zamu. Mwenye zamu hakufunga kitu, kazi yake ilikuwa kusimama nyuma yako. Ulikuwa unasinzia kila siku. Tuliogopa kukwambia."

Rabson aliwakumbuka: Aliko, Enoka, Ombeni, wamesimama nyuma yake mikono mitupu, naye akiwafokea kwamba ni wavivu. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

"Na leo zamu ya nani?"

"Leo hakuna zamu," Lusajo alisema, akasogea pembeni ya ngazi.

Rabson alipanda. Alipofika juu aligeuka kutazama nyuma yake, na hapakuwa na mtu. Alifuta machozi kwa kiganja, kisha akaomba arushiwe kamba.