Jiwe la Gurudumu la Mbele

Usiku ule nililala na spana mkononi. Najua ni upuuzi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka thelathini na sita, na mtu mzima halali na vyuma. Lakini nilikuwa nimegombana na mama tangu chai ya jioni, na spana yenyewe, namba ishirini na nne, nilikuwa nimeitoa kwenye sanduku la zana la baba. Sanduku lile mama alilifunika kitenge siku tuliyomzika, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuligusa. Niliona nikiiacha mezani, asubuhi sitaikuta.

Tuligombania oili ya difu. Pikapu ya marehemu baba, ambayo sasa naiendesha mimi, ilikuwa imeanza kuvuma nyuma, kule kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na kila nikiongeza mwendo ule mvumo ulipanda. Jumatatu nilitakiwa kumpeleka mama hospitali ya mkoa akatolewe mtoto wa jicho, na masika yale basi lilikuwa halifiki kijijini kwetu. Fundi pekee wa karibu alishanibadilishia oili hiyo mara moja: alimimina nusu ya kiasi mbele ya macho yangu, akaapa kwamba inatosha. Basi nikanunua oili mwenyewe, nikaiweka sebuleni, nikamwambia mama kesho naingia chini ya gari.

"Ukiingia chini ya gari lile, mimi hospitali siendi," mama alisema. "Niache nife kipofu."

Hakuwa anatania. Baba alifia chini ya pikapu hiyo hiyo, pale pale uani, akibadilisha oili hiyo hiyo. Alikuwa ameinua nyuma kwa jeki. Gari likiinuliwa nyuma, breki ya mkono, inayoshika magurudumu ya nyuma tu, haina kazi tena. Kinacholishika ni jiwe linalowekwa kwenye gurudumu la mbele. Siku ile jiwe halikuwepo. Ua wetu una mteremko kidogo, gari likasogea, jeki ikalala. Msibani watu walinong'ona kwamba fundi mkubwa vile, aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa uzembe, amesahau jiwe. Na mimi nilisema hivyo hivyo, kwa hasira. Mama hakusema lolote, miaka tisa.

Nikalala. Mara nikasikia chuma kinagonga chuma uani, nikatoka. Nje ni mchana, jua la saa sita, na hakuna kitu chenye kivuli. Pikapu imeinuliwa nyuma, na chini yake imechomoza miguu miwili iliyovaa katambuga, vile viatu vya tairi alivyojikatia baba mwenyewe. Cha kushoto kimefungwa kwa waya, kama siku zote. Miguu haikunitisha. Kilichonitisha ni gurudumu la mbele, kwa sababu halina jiwe.

"Ishirini na nne," sauti ikasema, na mkono ukatoka chini ya gari, kiganja juu.

Nikampa spana. Nataka kumwambia baba toka, toka upesi, lakini ulimi mzito, na hatuko uani tena. Pikapu iko darasani kwangu, mbele ya ubao, madawati yamesukumwa ukutani, na mimi ndiye niliyelala chini yake. Saruji inanichoma mgongo kwa baridi. Juu ya uso wangu kuna nati mbili za difu: ya chini ni ya kumwagia oili, ya juu ni ya kujazia. Nina haraka, Jumatatu imeshafika, mama ananisubiri mlangoni na mfuko wake wa nguo. Nafungua ya chini. Oili inamwagika nyeusi, nzito, haina mwisho, inapita chini ya mlango hadi miguuni kwa mama, naye haioni. Napeleka spana kwenye nati ya juu. Haikubali. Nasukuma kwa mikono miwili, nasukuma kwa mguu, haikubali. Difu imekauka na pa kujazia hapafunguki. Gari hili haliendi popote sasa, na mama atabaki kipofu kwa ajili ya ubishi wangu. Nikalia kwa sauti, mimi ninayewakataza watoto kulia darasani.

Baba amechuchumaa pembeni. Sijui ametoka lini.

"Juu kwanza," anasema. "Kabla hujamwaga, jua kwamba pa kujazia panafunguka."

Hana hasira. Nami namtazama, kisha naona nyuma yake gurudumu la mbele linaanza kuzunguka, polepole sana. Sakafu ya darasa imeinama kama ua wetu. Jeki inalala upande. Napiga kelele na sauti haitoki. Baba anainuka bila haraka, anazunguka mbele, anaweka mguu wake wenye katambuga ya waya kwenye gurudumu. Gari linasimama.

"Baba, utaumia," nasema.

Anakandamiza gurudumu kwa kisigino.

"Jiwe nililitoa mimi," anasema. "Mwambie mama yako. Ni mimi niliyelitoa."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na spana ilikuwa imenichora mstari kiganjani. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Nikakaa mlangoni, nikamsimulia yote, nikitegemea aniambie nimevimbiwa. Nilipofika kwenye jiwe, aliacha kupuliza.

"Rudia."

Nikarudia. Mama akakaa chini, sakafuni, na kigoda kiko pale pale. Akaanza kucheka, na kile kicheko kikamharibikia katikati.

"Muongo," akasema. "Baba yako muongo mkubwa. Jiwe nililitoa mimi, Tulizo. Upepo ulikuwa unafunua turubai la mahindi, nikaona jiwe liko pale, nikalichukua nikandamizie. Nilidhani amekwenda kunawa. Halafu mkamwita mzembe, nami nikanyamaza."

 Nilimshika mabega, yakanishtua kwa wepesi. Ilinichoma kukumbuka nilivyomsema baba pale msibani, mbele ya mama, na yeye anajua ukweli.

Baadaye alijifuta kwa upande wa khanga, akatoka nje. Akapapasa kwa mguu kando ya ukuta mpaka akapata mawe mawili makubwa. Nilitaka kumpokea, akanisukuma kwa kiwiko. Alibeba moja moja, amelikumbatia tumboni, akayasukumia kwenye magurudumu ya mbele na kuyagongea kwa kisigino. Kisha akavuta kigoda, akakaa, mkono mmoja juu ya jiwe.

"Haya, ingia," akasema. "Mimi hapa siondoki."

Nikainua nyuma kwa jeki, nikalala chali, nikajisukuma ndani na spana ya baba. Nilianza na nati ya juu. Iligoma, kama ile ya ndotoni. Nikaikazia kwa uzito wangu wote, mpaka ikalia kidogo na kuzunguka.

"Imekubali?" mama akauliza kutoka mbele.

"Imekubali, mama."