Kipimajoto na Martini ya Mkwe

Watu wengi wanaotengeneza martini nyumbani wangefaa kunyang'anywa barafu. Hayo yalikuwa maoni ya Kipimajoto, na yeye hakuwa mtu wa kuficha maoni. Kinywaji chenyewe kina vitu viwili tu, jini kavu, ile pombe kali isiyo na rangi, na vemuthi kidogo, na hiyo vemuthi si kitu cha ajabu, ni divai iliyotiwa mitishamba. Vitu viwili na barafu, na bado watu wenye shahada mbili ukutani walikuwa wanashindwa. Wanaiacha vemuthi kabatini mwaka mzima mpaka inageuka siki, wanamimina kwenye gilasi iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto, kisha wanatikisa kopo kwa mikono miwili kama wanasuuza dumu la mafuta ya taa.

"Halafu wanatia zeituni tano," alikuwa akisema huku amebenua mdomo. "Tano! Hiyo martini au mchuzi?"

Tukubali kwamba dharau yake ilikuwa na vyeti. Miaka thelathini na mmoja alisimama nyuma ya kaunta ya hoteli kubwa, shati jeupe, tai nyeusi, uso usiotabasamu bila sababu. Na katika miaka yote hiyo hakuonja hata tone. Si kwa ajili ya dini, wala daktari hakumkataza. Aliwadharau tu wanywaji. Alishaona wakubwa wa watu wakilia juu ya kaunta yake na maprofesa wakigombana na mlango wa choo, akaona inatosha, kundi hilo si lake.

Martini aliipima kwa vidole. Alijaza barafu kwenye kopo la chuma, akamimina jini na vemuthi, akakoroga polepole kwa kijiko kirefu, mkono wa kulia ukifanya kazi na vidole vya kushoto vikiwa vimelikumbatia kopo. Baridi ilipanda, kidole baada ya kidole. Ikifika kwenye mfupa wa kidole cha mwisho, alitoa kijiko akamimina. Ukiwahi, kinywaji hakijapoa. Ukichelewa, barafu imeyeyuka na unamnywesha mteja maji. Hakuhesabu, hakutazama saa. Wenzake wa hotelini ndio waliompa jina la Kipimajoto, na jina likamganda mpaka mkewe naye akawa analitumia.

Sasa mke alikwishatangulia, kazi ilikwisha miaka sita iliyopita, na mzee aliishi peke yake kwenye vyumba viwili juu ya duka la rangi. Marafiki wa kazini aliwamaliza mmoja mmoja kwa mdomo wake. Huyu hajui kukunja kitambaa, yule anamimina bia kama anamwagilia bustani. Shemeji yake, dada wa marehemu, aliacha kuja tangu siku aliyoambiwa kwamba chai yake ina ladha ya soksi. Alibaki binti, muuguzi katika hospitali ya wilaya, ambaye kila Jumamosi mchana alimkaribisha kula nyumbani kwake. Jumamosi hiyo mzee aliisubiri kuanzia Jumapili asubuhi, ingawa ungemuuliza angekuambia anakwenda kwa sababu hana la kufanya.

Mwaka huo, kwa maelezo yake mwenyewe, dunia ilikuwa imeharibika kabisa. Vifungo vya shati vilikataa kuingia tunduni, akamtukana fundi cherehani wa mtaa wa nyuma kwamba anatoboa matundu huku amesinzia. Birika lilimwachia malengelenge kwenye vidole vya kushoto bila yeye kujua limemwunguza saa ngapi. Akalitupa jalalani, akasema ni bati la hovyo, halina hata adabu ya kumwonya mtu kwamba ni la moto. Na barafu ndiyo usiseme.

"Barafu ya siku hizi haina baridi," alimwambia muuza duka la rangi. "Wanatengeneza ya kutazama."

Muuza duka alicheka, akidhani mzee anatania. Mzee alimtazama juu mpaka chini, akapanda ngazi zake.

Balaa lilianza mkwe, mume wa binti huyo, aliponunua kitoroli cha vinywaji chenye magurudumu ya shaba. Mkwe alikuwa ofisa wa bima, mpole, mwenye tabia ya kumshukuru hata mtu aliyemkanyaga. Alijifunza martini kwenye simu, kutoka kwa vijana wanaorusha chupa hewani, na Jumamosi moja akaitikisa mbele ya majirani wawili kwa nguvu zake zote mpaka miwani ikamtoka. Kipimajoto alisubiri mpaka kila mtu amenyamaza.

"Hata dawa ya minyoo," alisema, "hukorogwa kwa heshima kuliko hivyo."

Majirani walicheka. Mkwe naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na gilasi yake hakuigusa tena. Binti alimwita baba yake jikoni, akafunga mlango.

"Baba, nisikilize vizuri. Jumamosi ijayo bosi wake anakuja na mkewe. Ukimuumbua tena mume wangu mbele ya watu, chakula chako nitakuletea kwako kwenye hotipoti. Hapa hutakanyaga."

"Mimi nilisema ukweli tu."

"Ukweli wako umeshamfukuza mama mdogo, umewafukuza rafiki zako wote. Sasa umebaki na mimi. Unataka kunifukuza na mimi?"

Mzee alifungua mlango, akaondoka. Njia nzima ya kurudi alimlaumu bosi wa mkwe, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Jumamosi ilifika. Kipimajoto alivaa shati lisilo na vifungo, la kuvuta kichwani, akakaa kwenye kiti cha pembeni mikono ikiwa mapajani, amepiga moyo konde kwamba leo hatatia neno. Bosi alikuwa mwanamume mnene wa kucheka haraka, mkewe mwalimu mkuu mwenye macho yaliyozoea kusahihisha. Mkwe alisukuma kitoroli chake katikati ya sebule.

Na hapo mzee akapata mateso ambayo hakuyatarajia, kwani kila kitu kilikuwa sawasawa. Gilasi zilitoka kwenye friza, zimeganda ukungu mweupe. Vemuthi ilitoka kwenye friji, chupa mpya, kizibo kimekazwa. Barafu ilikuwa mapande makubwa, makavu. Zeituni moja moja kwenye vijiti vya mbao. Hakutikisa, alikoroga, kijiko kikizunguka ukingoni bila kelele. Wiki nzima mtu huyu alikuwa amefanya mazoezi kwa kila neno la kejeli alilowahi kutupiwa. Kipimajoto alitafuta pa kubenulia mdomo, hakupaona, na jambo hilo lilimkera kuliko miwani iliyodondoka.

Kisha mkwe akafanya kosa la watu wapole. Aliacha kukoroga, akamsogelea, akamnyooshea kopo kwa mikono miwili.

"Baba, wewe ndiye mwenye kazi hii. Liguse­­ tu uniambie. Imefika?"

Bosi na mkewe waligeuka kutazama. Binti, aliyekuwa anapanga sahani, alisimama. Kipimajoto alijisikia yuko tena nyuma ya kaunta yake. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalikumbatia kopo, akasubiri baridi ipande.

Haikupanda.

"Bado kabisa," alisema. "Koroga."

Mkwe akakoroga, akarudisha. Mzee akagusa tena.

"Umechemsha chai? Koroga, bwana."

Bosi akaangua kicheko. Mkwe akakoroga, shingo imemloa jasho. Kopo lilikuwa limegeuka jeupe nje, na mahali vidole vya mkwe vilipolishika palibaki alama. Alilirudisha mara ya tatu, na sasa mzee alilibana kwa kiganja kizima, hasira zimempanda, zile ahadi zote zimeyeyuka pamoja na barafu.

"Uvuguvugu!" alisema. "Miaka thelathini na mmoja sijaona mtu anakoroga nusu saa na bado kinywaji ni uvuguvugu. Kitoroli cha shaba, gilasi za friza, mbwembwe chungu nzima, halafu mkono hauna kitu. Watu wengine wangeuza bima tu wakatuachia sisi barafu."

Hakuna aliyecheka. Bosi alinyoosha kidole akagusa kopo, akakirudisha upesi.

"Mzee, mbona hii inauma kwa baridi?"

"Mikono ya ofisini hiyo. Inaumwa hata na karatasi."

Mke wa bosi naye akagusa, akasema kwa sauti ya kusahihisha, "Ni baridi kabisa." Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Binti alikuja. Kipimajoto alimwona anakuja, akajua kwamba hotipoti yake imeshafika, akakaza shingo kuipokea. Lakini binti hakumtazama usoni. Aliangalia mkono uliokuwa bado umebana chuma kilichoganda, ambao mtu yeyote angekuwa ameuondoa zamani, na yale malengelenge yaliyokauka kwenye ncha za vidole. Aliutoa mkono kwenye kopo taratibu. Alichukua kijiti kimoja cha zeituni, akaichomoa zeituni yake, akakifuta.

"Baba, funga macho."

"Mchezo gani huu mbele ya wageni?"

"Funga tu, Baba."

Akafunga.

"Nikikugusa kidole, niambie kipi."

"Haya. Gusa basi." Akangoja. "Wewe gusa, mwanangu, watu wana njaa."

"Fungua macho."

Kwenye ncha za vidole vitatu palikuwa na vitone vitatu vya damu, vidogo, vinang'aa. Kipimajoto aliviangalia. Alikitazama kijiti, akamtazama bosi, akatazama kitoroli, anatafuta wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumpata.

"Tangu lini?" binti aliuliza, sauti yake ya hospitalini imemponyoka ikawa ya nyumbani.

"Mimi nilidhani ni barafu," alisema mzee.

Binti alimfunga vidole kwa kitambaa cha meza. Alimwambia Jumatatu saa mbili asubuhi atampitia waende wakapime sukari, maana ganzi ya vidole mara nyingi huletwa nayo, na asijaribu kuleta ujuaji wake kule. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, chini kwa chini, ili wageni wasisikie, "Na Jumamosi?"

"Jumamosi utakuja. Lakini una neno la kumwambia mwenye nyumba hii."

Kipimajoto alimgeukia mkwe. Neno lenyewe hakuwa nalo, hakuwahi kulitumia, hakujua hata linaanzia wapi.

"Bwana," alisema. "Ile ya kwanza, kabla hujaniletea, ilikuwa imefika?"

"Nilidhani imefika, Baba."

"Basi mimi ndiye niliyeigeuza maji. Mwaga hiyo. Anza upya."

Mkwe akamwaga, akajaza barafu mpya, jini, vemuthi. Akakoroga. Mkono wa mzee uliofungwa kitambaa ulijinyanyua wenyewe kuelekea kwenye kopo, kwa mazoea, akaushika kwa mkono mwingine akaurudisha mapajani.

"Unasikiaje?" aliuliza.

"Baridi, Baba."

"Baridi ya wapi? Sema vizuri."

"Iko kwenye vidole. Inapanda." Mkwe akaendelea kuzungusha kijiko. "Sasa inauma. Imefika mfupani, kidole hiki cha mwisho."

Kipimajoto alifumba macho.

"Mimina," alisema.