Pedali Niliyoikanyaga Mara Tatu

Siku ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilikuwa nimetoka Butembo na cheti cha ufundi ndani ya bahasha, shati limepigwa pasi, na nilifika kwenye garaji moja ya mtaa wa Mapendo, hapa Goma, nikiwa na hakika kwamba mchana ule ule ningefungua injini. Shefu Paluku, mkuu wa mafundi, hakuitazama bahasha. Aliniketisha nyuma ya usukani wa kila gari lililokuwa uani, akaniambia nifumbe macho na nikanyage freni.

"Mara moja tu," alisema. "Kisha uniambie mguu yako imesikia nini."

Kwenye magari sita nilijibu upuuzi. La saba lilinishinda hata upuuzi, nikasema, "Shefu, ni kama nakanyaga bugali."

Akacheka. "Njo vile! Ile iko na hewa. Kesho urudie."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo niliiacha mwaka jana tu, magoti yalipokataa kuinuka kutoka chini ya magari.

Ninyi vijana mnaoziba pua mkisikia harufu ya mafuta ya freni, nisikilizeni kidogo. Freni ya diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Juu yake kuna etriye, chuma kizito kinachoikumbatia sahani hiyo, na ndani ya etriye kuna pistoni inayosukuma plaketi mbili, yaani pedi za freni, ziibane sahani. Kinachosukuma pistoni ni mafuta. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Ikibaki hewa kidogo ndani, pedali inazama na gari linaendelea na safari yake. Kwa hiyo kila etriye ina visi, skrubu ndogo ya kutolea hewa, na kazi hiyo tunaiita purje. Hapa kwetu etriye hazidumu, maana vumbi la mawe ya volkano hupenya kila mahali na kuzikwaruza pistoni.

Shefu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kushoto ni kushoto kwa dereva aliyekaa, si kwa fundi aliyesimama. Ya pili: freni ikishafanyiwa purje, hakuna anayegusa pedali mpaka Shefu mwenyewe aketi, afumbe macho, na akanyage mara moja. Mguu wa kwanza ulikuwa wake. Akisema gari ni zima, aliliendesha yeye, na fundi aliyeifungua freni aliketi kando yake.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka mitatu, Mama Riziki alipoleta gari la marehemu mumewe. Lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, pua ndefu, silinda nane, rangi ya divai. Marehemu, mfanyabiashara wa kahawa, alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na alikuwa amemwahidi binti yake Furaha kwamba ndilo litakalompeleka kanisani siku ya ndoa yake. Sasa ndoa ilikuwa Jumamosi, na etriye za mbele zilikuwa zimekwama kabisa. Mama alikuwa ameagiza nyingine kutoka Kampala. Alimtazama Shefu, akasema, "Papa, miye sina kitu ingine ya baba yake ya kumupa."

Shefu alinikabidhi kazi hiyo. Nilijivuna, sitaficha. Nilitandika gunia mbele ya gari, nikazifungua etriye mpya kutoka kwenye magazeti na kuzilaza moja huku, moja huku. Nilikuwa nimesimama nikilitazama gari usoni. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa dereva, na mimi sikuwaza. Nikazifunga hivyo hivyo, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Ubaya wa chuma kile ni kwamba kilikubali. Boliti ziliingia, plaketi zilikaa, mpira wa mafuta ulifika ingawa ulijipinda kidogo. Tofauti ilikuwa moja tu: visi ya purje, ambayo hukaa juu, sasa ilikaa chini.

Hewa hupanda juu. Nilifanya purje mara tatu, mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja, kwa sababu hewa ilikuwa imetulia juu ambako hapana tundu. Nikaiba mguu wa kwanza, nikakanyaga pedali. Bugali.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Ningemwita Shefu nimwambie, "Iko laini, sijui sababu." Angeitafuta dakika mbili akaiona. Lakini nilikuwa nimeshatangaza kwa wenzangu kwamba nimemaliza, na niliona haya. Pedali laini, ukiipiga haraka haraka, huwa ngumu kwa muda mfupi. Nilipomwona Shefu anakuja akijifuta mikono, niliingia ndani kana kwamba natafuta spana, nikaikanyaga mara tatu, nikatoka. Yeye akaketi papo hapo, akafumba macho, akakanyaga mara moja.

"Iko nguvu," alisema. "Panda."

Tuliteremka kuelekea ziwani. Uani gari lilikuwa limesimama vizuri, na kona ya kwanza pia. Mteremkoni Shefu alikanyaga, pedali ikaenda hadi sakafuni. Hakupiga kelele. Alivuta freni ya mkono, akaipeleka ile pua ndefu kwenye ukuta wa mawe meusi, upande wake yeye, si wangu. Mimi nilitoka bila mchubuko. Yeye kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika.

Watu walipokuwa wakimtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitali, alichungulia gurudumu, akaiona visi ilivyokaa.

"Katembo, umegeuza etriye. Ile, miye pia nilipaswa kuiona." Akanigeukia. "Lakini pedali ilikuwa nguvu. Ulikuwa umeikanyaga mbele yangu?"

"Apana, Shefu."

Alinitazama kwa muda. "Sawa," alisema.

Jioni, mkono ukiwa umefungwa, alikwenda kwa Mama Riziki, nami nikamfuata. Alisimama mlangoni bila kuketi. "Mama, kosa ni yangu. Ni miye nilikanyaga, ni miye nilisema iko muzuri." Nilikuwa nyuma yake. Mdomo ulikuwa wangu, na sikuufungua. Kesho yake Furaha alikwenda kanisani kwenye pikapu ya jirani.

Mkono wa Shefu haukurudi kushika spana. Mjini wakasema muzee amezeeka, mguu wake hausikii tena. Akaniambia, "Sasa weye njo utakuwa na mguu ya kwanza." Hivyo nilipanda cheo. Baadaye niliitwa kwenye kampuni ya malori karibu na Katindo, ambako Mkuu wa Magari, mtu wa kalamu na hasira nyingi, aliniambia hajawahi kuona fundi mwaminifu kama mimi. Sifa ile niliila kama dawa chungu. Mwishowe nilifungua garaji yangu kwenye barabara ya Mugunga. Shefu alikuwa amekwisha kufa. Nililibeba jeneza lake, na hata siku ile sikusema.

Mwaka jana, siku ya kuniaga, Furaha alikuja na lile gari. Aliitengeneza pua yake, analitunza kama alivyotaka baba yake. Alitaka kunirudisha nyumbani nalo. Mbele ya mafundi wote alinifungulia mlango akicheka: "Panda, Papa. Ule muzee wa zamani alitaka kutuharibia gari, lakini weye unajuaka freni."

Nilishindwa kupanda. Nikasimama pale na mkono juu ya mlango, nikasema yote: etriye, pedali, mara tatu, apana Shefu. Furaha aliacha kucheka.

"Miye nilikosa gari siku moja tu," alisema. "Mama Masika njo alikosa jina ya bwana yake. Enda umwambie yeye."

Mama Masika, mjane wa Shefu, bado anakaa Mapendo. Nilikwenda kwa miguu. Alinipa kiti, nikakikataa, nikasema nikiwa nimesimama, kama mumewe alivyosimama mlangoni kwa Mama Riziki. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Yeye aliendelea kuchambua maharagi yake hadi nikamaliza.

"Alikuwa anajua," alisema. "Ile siku alirudia na mukono ya kuvunjika, akaniambia: 'Katembo amenidanganya. Musimuulize. Atakuja kusema yeye mwenyewe.'"

Akaweka ungo chini.

"Kila Siku ya Mungu, kisha misa, aliwekaka kiti ya pili hapa inje. Alikungojea mpaka akakufa, Katembo. Sasa ikala."

Nikakaa.