Mwaridi wa Mama Mkwe

Mwaka ushirika ulipofunga ghala la Newala na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, mume wangu alipunguzwa kazi. Alikuwa mpimaji wa korosho. Alirudi na nusu mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, akauweka stoo.

Mimi nilifundisha darasa la tatu. Alfajiri nilishuka bondeni kuchota maji, nikapanda mlima na ndoo kichwani, kisha nikaingia darasani shingo imekaza. Jioni nilishuka tena, kisha nikamwogesha mama mkwe. Tulimleta kutoka Chiwata mguu wake mmoja ulipopooza.

Mwaridi ulikuwa wake. Alitupatia kijiti chake tulipooana, nao ukatambaa nguzo ya baraza mpaka kwenye bati. Sasa ulikuwa miiba mitupu. Kila chipukizi lilijikunja, likafunikwa na unga mweupe, kisha majani yakapukutika.

"Ung'olewe," nilimwambia mume wangu siku uliponichania gauni la kazini. "Sina maji ya kuupa."

Mama mkwe alikuwa palepale mkekani. Nikaona aibu.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Usiniangalie mimi. Fanyeni mtakavyo."

Mume wangu akainuka. Alichuma jani, akalisugua kwa kidole gumba.

"Huu ni ubwiri," akasema. "Ugonjwa uleule wa mikorosho."

Siku nyingi hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho. Alichukua panga, akaukata wote usawa wa goti, akachoma matawi. Machipukizi yalipoanza kuonekana, akawa anayapulizia salfa asubuhi, akiikung'uta kupitia kitambaa chepesi. Mimi niliumwagia maji ya mwisho ya kusuuzia, yale ambayo hata nguo hazikuyataka tena.

Kwa majuma kadhaa machipukizi yalitoka yakafa. Nilipita hapo bila kugeuza shingo. Mvua zilipoanza, yakatoka marefu, mekundu, nasi tukayafunga nguzoni kwa vipande vya kanga iliyochakaa.

Kisha mume wangu akapata kibarua kwa mnunuzi mmoja kule Tandahimba, akawa anarudi Jumamosi tu. Kupulizia salfa nako kukawa kwangu. Asubuhi moja salfa iliniingia machoni. Nikakaa chini nikalia, na kilio kikaendelea hata macho yalipoacha kuwasha.

Mama mkwe alinisikia.

Siku moja narudi kutoka shuleni, akaniambia, "Umechanua."

"Nimeona, mama," nikajibu, ingawa sikuwa nimeona.

Nikazunguka nguzo. Maua manne, madogo, rangi imefifia kuliko ya zamani. Nilingoja furaha, haikuja. Nilichosikia ni magoti yanauma. Nikachuma moja, nikamwekea mapajani. Akalinusa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Kaa kwanza."

Nikakaa kando yake mkekani, viatu miguuni, chaki mikononi. Jioni ile sikushuka bondeni.